Prosesa Zilizoponzwa na Dhahabu

Mwishoni mwa 1996, vita vilipoingia Kivu Kusini, familia nyingi za Baraka na vijiji vya Fizi zilivuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, na kambi ya Nyarugusu ikaanza kujaa. Desemba hiyohiyo, huko Marekani, ASCI Red ikawa kompyuta ya kwanza duniani kupita hesabu trilioni moja kwa sekunde. Kinachonifanya niyataje pamoja ni dhahabu.

Mashine ile iliendeshwa na maelfu ya prosesa za Intel ziitwazo Pentium Pro, zilizoingia sokoni 1995. Kila moja ni kigae cha kauri kinachoenea kiganjani, na chini yake zimesimama pini 387 zilizopakwa dhahabu, maana dhahabu haishiki kutu. Dhahabu yote ya prosesa moja ikikusanywa haifiki gramu moja. Lakini mtu wa Misisi, machimbo ya dhahabu huko Fizi, anayeshinda mtoni na karai akitafuta chembe mchangani, hahitaji kuelezwa thamani ya kitu kisichofika gramu.

Mwaka 1998 Intel ikatoa Pentium II OverDrive ya megahezi 333, kwa ajili ya wenye mashine za Pentium Pro: unachomoa prosesa yako, unachomeka hii kwenye soketi ileile, basi. Mwaka 1999 ASCI Red ilibadilishiwa prosesa zote, zaidi ya 9,600, ikawekewa OverDrive, ikapita trilioni mbili. Kwa watu wa kawaida OverDrive haikuenea.

Mwaka huohuo wakia moja ya dhahabu ilishuka chini ya dola 260. Septemba 2011 ilipita dola 1,900. Fizi iliijua biashara hii zamani; dhahabu ya milima yake ndiyo iliyowalisha wapiganaji wa Laurent-Désiré Kabila tangu 1967. Ughaibuni nako watu walichimba, ila mgodi wao ulikuwa marundo ya kompyuta zilizotupwa. Pentium Pro zilinunuliwa kwa kilo, zikatiwa asidi. Mashine zilizobeba OverDrive zikaingia rundo lilelile, na ndiyo maana leo kuipata moja ni bahati.

Ikipatikana, mara nyingi pini zimelala na feni ya kuipoza imekauka. Fundi huchukua kalamu ya risasi ya kubonyeza, akaitoa risasi, akabaki na kitundu chembamba kinachoivaa pini moja tu. Anaivisha, anainyanyua kidogo, anapumzika, anarudi. Hapa haraka ni hasara: pini ikipindwa mara nyingi hukatika, na iliyokatika haiungiki kirahisi. Feni hutiwa tone la mafuta. Isipozunguka, prosesa itapata joto kupita kiasi. Mwisho ni pamba na spiriti, safu kwa safu. Uchafu ukitoka, rangi inarudi, ileile inayobaki chini ya karai mchanga mweusi ukishamwagika.