Mama, habari za redioni zisimzuie mwanao kufika kliniki

Mwishoni mwa Oktoba 2018, Paul Makonda, wakati huo Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, aliwataka wananchi wampelekee majina ya wanaoshukiwa kuwa mashoga. Hofu ikasambaa. Tarehe 4 Novemba Serikali ilitamka kwamba yale yalikuwa maoni yake binafsi. Taarifa hii ya pili haikuvuma kama ya kwanza, ndiyo maana huku Kilosa na Mikumi bado naulizwa mlangoni, kwa sauti ya chini: “Dada nesi, nikimpeleka mwanangu kliniki, hawatamkamata?”

Nikujibu bila kukuficha. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kilichotokana na sheria za Mwingereza, kinaadhibu tendo la ndoa kinyume na maumbile kwa kifungo kisichopungua miaka 30. Lakini kuumwa si kosa. Kupima VVU si kosa, wala kumeza dawa. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inamtaka mhudumu atunze siri ya majibu, na inakataza unyanyapaa.

Februari 2017 vituo 40 binafsi vilizuiwa kuhudumia makundi haya. Huduma za VVU katika vituo vya Serikali hazikufutwa.

Kinachonitia hofu zaidi ni kijana anayeacha dawa kwa kuogopa kuonekana. Akiacha, virusi huongezeka, na vinaweza kuwa sugu. Akimeza kila siku hadi virusi visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Kama Mikumi kila mtu anamjua, aombe uhamisho wa CTC kwenda Kilosa mjini au Morogoro. Hilo ni jambo la kawaida kabisa.

Akiwa na kidonda, usaha au maumivu sehemu ya haja kubwa, aje apimwe. Usimnunulie vidonge dukani kwa kubahatisha. Aseme palipo na tatizo; hatuwezi kutibu tusichoonyeshwa.

Na mbuzi wa mganga, mama, usimuuze shamba kwa ajili yake. Shirika la Afya Duniani liliondoa mapenzi ya jinsia moja kwenye orodha ya magonjwa mwaka 1990. Hakuna dawa ya kuyatibu. Kumpiga au kumfukuza ndiko kunakoleta ugonjwa: wengine huzama kwenye pombe, wengine hufikiria kujiua. Akianza kujitenga, halali, hali, au akisema heri afe, usimwache peke yake. Njoo naye siku hiyohiyo.