Tozo na foleni: Jinsi barabara za kulipia zinavyoamua safari nchini Kenya

Dereva anayewasili Nairobi kutoka Mombasa hukuta njia mbili afikapo Mlolongo. Ya kwanza ni Nairobi Expressway, barabara ya kilomita 27 inayolipiwa. Ya pili ni barabara ya zamani ya Mombasa, isiyolipiwa. Zote mbili humfikisha Westlands, upande wa pili wa jiji. Kinachozitofautisha ni bei na muda: katika barabara ya kulipia safari huchukua takriban dakika 20, ilhali katika ile ya zamani foleni ya asubuhi au jioni yaweza kumweka njiani kwa saa nzima na zaidi.

Barabara hiyo ilijengwa na kampuni ya China Road and Bridge Corporation kwa ubia na serikali ya Kenya, ikafunguliwa kwa umma mwezi Mei 2022. Mwekezaji ana mkataba wa miaka 27 wa kurejesha fedha zake kupitia tozo. Mwanzoni gari dogo lilitozwa kati ya shilingi 120 na 360 za Kenya, kulingana na umbali. Tangu Januari 2024 tozo ni kati ya shilingi 170 na 500, kufuatia kushuka kwa thamani ya shilingi dhidi ya dola.

Nani hulipa, na lini?

Mfanyakazi anayeipita barabara yote kwenda kazini na kurudi hutumia shilingi 1,000 kwa siku, yaani shilingi 20,000 kwa siku 20 za kazi, mbali na mafuta. Kwa familia nyingi za jijini, hicho ni kiasi cha kodi ya nyumba. Ndiyo maana si sahihi kuwagawa madereva katika makundi mawili ya kudumu, wanaolipa na wasiolipa. Mtu yule yule hulipa siku anapowahi ndege katika uwanja wa Jomo Kenyatta au anapompeleka mgonjwa hospitalini, na siku nyingine akavumilia foleni.

Asiyeweza kulipa hubadili saa badala ya njia: huondoka nyumbani kabla ya mapambazuko, au husubiri mjini hadi usiku. Wengine hawana uamuzi wa kufanya. Bodaboda na bajaji haziruhusiwi katika barabara hiyo, na matatu inayotegemea kupakia na kushusha abiria njiani haina budi kubaki katika barabara ya zamani, penye vituo. Hivyo wakazi wengi, ambao husafiri kwa matatu au kwa miguu, huipata nafuu ya barabara mpya pale tu magari ya wengine yanapowapisha.

Nafuu hiyo nayo haidumu. Mwaka 1962 mtaalamu wa uchumi wa Marekani Anthony Downs alieleza kuwa nafasi inayopatikana barabarani wakati wa msongamano hujazwa upesi na watu waliokuwa wakikwepa saa hizo, njia hizo, au kuendesha gari kabisa.

Tozo ya kujenga na tozo ya kupunguza foleni

Hapa Uganda hali inafanana na hiyo. Barabara ya mwendo kasi ya Kampala hadi Entebbe ilifunguliwa mwaka 2018 na kuanza kutozwa Januari 2022, gari dogo likilipa shilingi 5,000 za Uganda. Asiyetaka kulipa hupita barabara ya zamani ya Entebbe.

Katika nchi zote mbili lengo la tozo ni kugharimia barabara, na kiwango ni kile kile mchana na usiku. Stockholm, mji mkuu wa Sweden, ulifuata njia nyingine. Mwaka 2006 ulijaribu kwa miezi saba kuyatoza magari yanayoingia na kutoka katikati ya mji, kwa kiwango kilichopanda saa za msongamano, baada ya kuongeza mabasi kwanza. Magari yalipungua kwa takriban moja ya tano, na mwaka uliofuata tozo ikafanywa ya kudumu. Aliyeacha gari nyumbani alikuwa na basi la kupanda.

Linalowahusu wafanyabiashara wa Uganda

Novemba 2025 Rais William Ruto alizindua kazi ya kupanua barabara ya Rironi, Nakuru hadi Mau Summit, ambayo pia italipiwa na watumiaji. Hiyo ni sehemu ya njia kuu inayoleta shehena kutoka bandari ya Mombasa hadi Malaba na Busia. Tofauti na Nairobi, ambako barabara ya kulipia ilijengwa sambamba na ya zamani, huku barabara iliyopo ndiyo inayopanuliwa.

Kwa mwenye lori, swali basi si kama atalipa ili awahi. Swali ni kama muda na mafuta atakayookoa vitafidia tozo. Visipofidia, gharama itaongezwa kwenye nauli ya mzigo, na hatimaye italipwa na mnunuzi wa saruji au mafuta ya kupikia mjini Tororo au Kampala, ambaye huenda hatapita Nakuru maishani mwake.