Maua makavu, mapipa ya India na saini ya Carter

Wasomaji wangu, leo tuziweke siasa kando kidogo tuongee bia. Najua wapo watakaosema huyu naye kaishiwa habari. Subirini. Mada yangu ni maua makavu, lakini ndani yake mna sheria, mna kodi, na mna swali ambalo limenikaa kichwani siku nyingi: ni nani anayeruhusiwa kupika pombe nyumbani kwake?

Tuanze na ua lenyewe. Hopsi ni mmea unaotambaa, na kinachotakiwa ni maua ya mmea jike. Ni machungu kwelikweli. Wazungu waliyatia kwenye bia kwa sababu mbili: kukata utamu wa kimea na kuizuia bia isiharibike haraka. Mtawa wa Kijerumani, Hildegard wa Bingen, aliliandika hilo la kuhifadhi kinywaji tangu karne ya 12. Mwaka 1516 watawala wa Bavaria wakaweka amri kwamba bia ipikwe kwa shayiri, hopsi na maji tu. Wachagga hawatashangaa. Wao uchungu wa mbege wanautoa kwenye magome ya msesewe.

Sasa sikilizeni ujanja. Hopsi ukiichemsha inakupa uchungu, lakini mafuta yake yenye harufu nzuri yanapotea na mvuke. Utafanyaje kama unaitaka harufu? Unasubiri. Ile togwa ya shayiri inatiwa hamira, inachachuka mpaka inakuwa bia, ndipo unatia maua makavu bila moto wowote. Hiyo ndiyo hopsi kavu. Mpikaji wa nyumbani anaweza kutia gramu 30 hadi 60 kwenye ndoo ya lita 20, akafunika vizuri hewa isiingie, akaacha siku tatu hadi saba. Harufu inabaki ndani, na uchungu hauongezeki sana.

Waingereza walifanya hivyo ndani ya mapipa. Katika karne ya 18 bia ya kuwapelekea watu wao India ilisafiri kwa meli miezi minne mpaka sita, ikizunguka kusini mwa Afrika na kuvuka ikweta mara mbili. Wapikaji walishauriwa kuongeza hopsi kwa bia ya nchi za joto. Baadaye ikazuka hadithi kwamba George Hodgson wa London ndiye aliyebuni bia maalumu ya safari hiyo. Hadithi tamu, lakini Martyn Cornell alipopekua nyaraka hakuona ushahidi wake. Alichoona ni biashara ya kawaida: kiwanda cha Hodgson kilikuwa karibu na gati za meli za India, na mwenyewe alikuwa tayari kuwakopesha maofisa wa meli. Historia nyingi ndivyo zilivyo. Tunatafuta shujaa, tunamkuta mfanyabiashara mwenye daftari la madeni.

Kuna jambo jingine waligundua. Bia iliyokwisha tulia, ukiitia hopsi kavu, wakati mwingine inaanza kuchachuka upya. Mwaka 1893 wanakemia wawili, Horace Brown na Harris Morris, walieleza sababu: ndani ya ua mna kimeng'enya kinachovunja wanga uliobaki kuwa sukari, hamira ikapata chakula tena. Likaandikwa, kisha likasahaulika.

Tuvuke bahari. Marekani ilipiga marufuku pombe mwaka 1920, ikafungulia 1933. Waliporuhusu tena, mvinyo wa kutengeneza nyumbani ulipata kibali lakini bia ya nyumbani ikaachwa nje ya sheria. Mwisho wa miaka ya 1970 nchi kubwa vile ilikuwa na viwanda vya bia visivyofika 100, na bia nyingi ladha moja. Mmoja aliyekataa ni Fritz Maytag wa kiwanda cha Anchor, San Francisco. Mwaka 1975 alitoa Liberty Ale, yenye hopsi kavu aina ya Cascade iliyozalishwa Oregon, harufu yake kama balungi.

Oktoba 1978 Rais Jimmy Carter akatia saini sheria iliyoruhusu mtu mzima kupika galoni 100 za bia kwa mwaka nyumbani kwake bila kodi. Majimbo yaliachiwa uamuzi wao, na Mississippi na Alabama yaliruhusu mwaka 2013 tu! Lakini mlango ulishafunguka. Ken Grossman, aliyekuwa na duka la vifaa vya kupikia bia nyumbani huko Chico, California, alianzisha Sierra Nevada na mwenzake. Wengi wakafuata njia hiyo ya kutoka jikoni hadi kiwandani. Leo Marekani ina viwanda zaidi ya 9,000, na hopsi kavu imekuwa kama alama yao.

Na lile la Brown na Morris? Miaka ya 2010 wapikaji wa Marekani walianza kuona chupa na makopo yakijaa gesi kupita kiasi, mengine yakipasuka. Watafiti wakalichunguza upya jambo lililokwisha andikwa zaidi ya miaka 100 nyuma.

Hapo ndipo ninapotaka tufikiri pamoja. Ujuzi huishi pale unaporuhusiwa kufanywa mchana kweupe, na hata hapo hupotea usipotunzwa. Huku kwetu mama anayepika mbege anajua msesewe kiasi gani na siku ngapi. Anayepika rubisi anajua yake, na wa busaa yake. Wengi wao wamezoea zaidi kutembelewa na askari kuliko na mtafiti. Bibi hao wakiondoka, nani atakuwa ameandika?