Kazi Zilizoachwa Nyuma Ndani ya Kompyuta

Shikeni daftari na kalamu. Somo letu la leo ni la historia, lakini tutaanzia kibanjani.

Mkungu ukikomaa mwaukata, na mgomba wake nao hamna budi kuuangusha. Ukiachwa umesimama, washika nafasi bure. Ndani ya kompyuta mna mambo kama hayo.

Zamani kompyuta ilifanya kazi moja tu kwa wakati mmoja. Ikiisha, nyingine huingizwa. Mwezi wa Novemba 1961, mwezi mmoja kabla ya Tanganyika kupata uhuru, Fernando Corbató na wenzake wa chuo cha MIT, Marekani, walionyesha kompyuta iliyohudumia watu kadhaa kwa zamu. Zamu zenyewe zilikuwa fupi mno, hata kila mtu akaona kompyuta ni yake peke yake. Lakini kazi zikiwa nyingi, nyingine huweza kusahauliwa.

Mwaka 1969 Ken Thompson na Dennis Ritchie, wa maabara ya Bell huko huko Marekani, walianza kutunga Unix, yaani programu kuu inayotawala kompyuta. Humo kila kazi huzaliwa na kazi nyingine, nayo hupewa namba yake. Mzazi akifa kwanza, mtoto yatima huchukuliwa na kazi namba 1. Mtoto akifa kwanza, jina lake hubaki orodhani mpaka mzazi apokee habari za mwisho wake. Mzazi mzembe asipozipokea, jina halifutwi. Mafundi huiita kazi hiyo zombi. Kuiua huwezi, maana imekwisha kufa. Mwenye kushughulikiwa ni mzazi.

Sasa sikilizeni vizuri. Katika Unix ya toleo la sita, ya mwaka 1975, amri ya kuua kazi ilipeleka ishara namba 9, isipokuwa mtu ametaja nyingine. Namba 9 hukata palepale. Kazi haipati hata nafasi ya kuhifadhi maandishi yake. Toleo la saba, la mwaka 1979, lilibadili: amri ile ile ikapeleka namba 15. Hiyo ni kama kubisha hodi: hifadhi vitu vyako, funga, toka. Mimi naona badiliko hili dogo limeokoa kazi za watu wengi.

Mwaka 1991 Linus Torvalds wa Finland alitunga Linux kwa kufuata mfano wa Unix, na simu za Android zimejengwa juu ya Linux. Simu ikiishiwa nafasi ya kumbukumbu, huzikata kazi za nyuma kwa namba 9. Barua uliyoianza ukaiacha yaweza kupotea, kama programu haikuihifadhi.

Kijana wenu anayejifunza kutunga programu atakutana na jambo hili mapema. Amefunga dirisha, lakini programu yake ya jana bado imeshika mlango wa mawasiliano, na ya leo yakataliwa kuingia. Basi na atazame orodha, aipate namba ya kazi ile, apeleke 15, angoje kidogo. Ikigoma, apeleke 9. Kisha atazame orodha tena, maana pengine aliyeondoka ni mzazi, na watoto wake bado wamo.