Daftari la Usiku Mtupu: Wanafalaki wa Ridhaa na Somo Wanalotuachia

Kuna swali ambalo wanafunzi wangu huliuliza kwa namna mbalimbali kila mwaka: maarifa huzalishwa na nani? Jibu la haraka ni kwamba huzalishwa na watafiti wenye shahada, maabara na bajeti. Historia ya utafutaji wa supanova inatudai jibu pana zaidi, na naamini jibu hilo linawahusu wanaharakati na watumishi wa umma kama linavyowahusu wanafunzi wa sayansi.

Supanova ni mlipuko wa nyota inayofikia mwisho wa uhai wake. Kwa majuma kadhaa nyota hiyo moja huweza kung'aa kwa kiwango cha kushindana na galaksi nzima, kisha hufifia. Sehemu kubwa ya oksijeni tunayovuta na chuma kilichomo katika damu yetu ilitawanywa angani na milipuko ya namna hii. Tatizo ni kwamba hakuna ajuaye ni nyota ipi italipuka, wala lini. Katika galaksi yetu, ya mwisho kuonekana waziwazi kwa macho ilikuwa ya mwaka 1604, ambayo Johannes Kepler aliichunguza kabla darubini haijaanza kuelekezwa angani. Anayetaka kuziona hana budi kuchungulia galaksi nyingine, moja baada ya nyingine, usiku baada ya usiku.

Katika miaka ya 1930 Fritz Zwicky aliianza kazi hiyo kwa utaratibu huko Palomar, California, akilinganisha picha za anga. Lakini muda wa darubini kubwa hugawanywa kwa ushindani, na ni vigumu kwa taasisi kutumia usiku mwingi kungojea jambo ambalo huenda lisitokee. Pengo hilo ndilo walilolijaza watu ambao Kiswahili kimewapa jina zuri: watu wa ridhaa. Hawalipwi wala hawatumwi.

Aliyetia fora miongoni mwao ni Robert Evans, mchungaji wa Kanisa la Uniting nchini Australia, aliyefariki mwaka 2022. Ugunduzi wake wa kwanza kutambuliwa rasmi ulikuwa wa mwaka 1981, na hadi mwisho wa maisha yake alikuwa amegundua supanova 42 kwa kutazama tu kwa jicho kupitia darubini. Kwa njia hiyo ya kutazama, hakuna aliyemfikia. Siri yake ilikuwa kumbukumbu. Alihifadhi kichwani sura za mamia ya galaksi pamoja na nyota zinazozizunguka, hivyo nukta moja ngeni ilipojitokeza aliitambua papo hapo, kama mwalimu atambuavyo uso mgeni darasani mwake.

Mwaka 1983 aligundua supanova katika galaksi iitwayo M83, na mwaka uliofuata akagundua nyingine katika NGC 991. Wataalamu walipoichambua mianga ya nyota hizo mbili kwa vyombo vyao, walibaini kwamba hazikulingana na makundi yaliyozoeleka. Uchambuzi huo ulisaidia kuthibitisha kundi jipya, ambalo leo huitwa aina ya Ib.

Hata hivyo, mchango wa Evans ninaouthamini kuliko yote hautajwi mara nyingi. Aliandika kila galaksi aliyoitazama na tarehe aliyoitazama, hata pale ambapo hakuona kitu. Ukurasa baada ya ukurasa, jibu ni lilelile: hakuna. Mwaka 1987 yeye na wanafalaki Sidney van den Bergh na Robert McClure walichapisha utafiti uliotumia kumbukumbu hizo kukadiria kasi ya kutokea kwa supanova katika galaksi za jirani. Hesabu hiyo isingewezekana kwa orodha ya magunduzi peke yake. Ukijua kwamba mtu amepata samaki watano, hujajua lolote kuhusu bahari mpaka ujue alitupa wavu mara ngapi. Usiku mtupu wa mchungaji yule ulikuwa takwimu.

Jambo la pili ni namna dunia ya wasomi ilivyompokea. Palikuwa na ofisi ya kimataifa ya kupokea taarifa za magunduzi, iliyokuwa Cambridge, Massachusetts. Taarifa ilipofika haikuaminiwa kwa sababu ya cheo cha mleta taarifa, wala haikutupwa kwa sababu hana cheo. Ilihakikiwa: wengine walielekeza darubini mahali palipotajwa, na nukta ikawapo au isiwepo.

Tangu wakati huo mitambo inayojiendesha yenyewe imechukua sehemu kubwa ya kazi hii, lakini milango haijafungwa. Septemba 2016 Víctor Buso, fundi wa kufuli wa mjini Rosario, Argentina, alikuwa akijaribu kamera mpya juu ya paa la nyumba yake alipozinasa dakika za mwanzo kabisa za mwanga wa supanova, tukio ambalo wataalamu walikuwa wakilisaka kwa miaka mingi. Utafiti uliotokana na picha zake, ukiongozwa na Melina Bersten, ulichapishwa katika jarida la Nature mwaka 2018, na jina la fundi huyo limo miongoni mwa waandishi.

Sitaki nieleweke kwamba utaalamu hauna maana. Bila wachambuzi wa mwanga, nyota za Evans zingebaki kuwa nukta tu. Hoja yangu ni kwamba mtaalamu na mtu wa ridhaa wanahitaji kati yao vitu viwili: daftari la kweli na ofisi inayohakiki.

Tujiulize basi hali yetu. Mvuvi anayeona samaki wakipungua, au mhudumu wa afya wa kijiji anayeona homa asiyoizoea, ataipeleka wapi taarifa yake, na itapimwa kwa ushahidi au kwa cheo cha aliyeileta? Na mtumishi anayeandika katika ripoti ya robo mwaka kwamba amekagua visima vyote na hakuna kilichobadilika, anaonekana mwaminifu au mvivu? Pale ambapo sifuri huleta karipio, watu hujifunza kuipamba, na taifa linaanza kupanga mambo yake kwa hesabu za kubuni. Wanafunzi wangu wanaokwenda kukusanya data vijijini nawaagiza jambo moja: siku ambayo hamtapata kitu, andikeni tarehe, andikeni mahali, kisha andikeni kwamba hamkupata kitu.