Pamba Yetu, Taka za Wengine

Wakulima wa Mara, tangu Bugwema hadi Bunda, wanaijua pamba. Kiwanda cha nguo, MUTEX, kilikuwa Musoma mjini. Miaka ya 1980 biashara ililegezwa, mitumba ikamiminika. Miaka ya 1990 MUTEX ikasimama.

Ndugu msomaji, kitambaa cha pamba kikitupwa huoza, kikarudi udongoni. Poliesta hutokana na mafuta ya petroli, ni plastiki. Wenzetu wa Ulaya na Marekani huivaa siku chache, kisha hutuletea kwa marobota. Isiyouzika huishia jaani na mitaroni.

Mwaka 2016 Jumuiya ya Afrika Mashariki iliazimia kuachana na mitumba. Marekani ikatishia kutunyima soko lisilo na ushuru. Tanzania ikarudi nyuma. Rwanda ilikaza, ikaadhibiwa mwaka 2018.

Mtumba ni rahisi, lakini gharama ya jaa nani anailipa?