Rangi ya Kuelekeza na Rangi ya Kutenga

Abiria anayetoka Kibiti kwa basi hushukia Mbagala Rangi Tatu, na kabla hajamuuliza mtu njia, macho yake huenda kwenye ubavu wa daladala. Mkanda wa rangi uliopakwa kuzunguka bodi unamwambia gari linakwenda upande gani wa jiji la Dar es Salaam. Mpiga debe anaweza kupiga kelele apendavyo, lakini mkanda haubadiliki, na hata asiyejua kusoma kibao cha mbele huusoma. Katika vyombo vyote vya usafiri wa umma vya nchi hii, sijaona rangi iliyomfanyia mnyonge kazi kubwa kuliko hiyo.

Reli za Ulaya zilianza kwa kuipa rangi kazi tofauti. Katika karne ya 19, shirika la reli la Prussia, huko Ujerumani, lilipaka mabehewa kulingana na daraja la abiria: la kwanza njano, la pili kijani, la tatu kahawia, la nne kijivu. Urusi nayo ilikuwa na bluu kwa daraja la kwanza, njano kwa la pili na kijani kwa la tatu. Japani ilichora mistari, mweupe kwa la kwanza, bluu kwa la pili, mwekundu kwa la tatu. Kibarua aliyesimama kwenye jukwaa la stesheni hakuhitaji kuambiwa mlango wake ni upi, maana nafasi yake katika jamii ilikuwa imepakwa kwenye mbao za behewa.

Wajerumani hao ndio walioanza kujenga reli ya Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911. Ile ya kati ilianzia Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Walizungumzia pia reli ya kusini, kutoka Kilwa hadi Ziwa Nyasa, lakini haikujengwa. Rufiji ikabaki na mto wake. Kwenye delta ya mto huo watu na mizigo waliendelea kusafiri kwa mitumbwi, mashua na majahazi, mbao zikipakwa sifa, yale mafuta ya papa, na sehemu ya chini ya maji ikipakwa chokaa iliyokandwa kwa mafuta. Rangi ya chombo ilikuwa kinga dhidi ya jua na wadudu wa baharini. Aliyepanda aliketi pale nahodha alipomwelekeza ili chombo kisilale upande mmoja, awe mfanyabiashara wa boriti au mama anayekwenda kumwona mwanawe Mafia.

Bara, baadaye chini ya Waingereza, kazi ya kutenga haikuachiwa rangi ya behewa, ilifanywa na rangi ya ngozi. Daraja la kwanza lilikuwa la Wazungu, la pili kwa sehemu kubwa la Wahindi, la tatu la Waafrika. Mwafrika wa kawaida aliketi kwenye benchi la mbao hata safari ikichukua siku mbili. Reli nyingi za Ulaya zilifuta daraja la tatu tarehe 3 Juni 1956. Kwetu lilivuka uhuru, likaendelea kwa miongo mingi. Kibao cha rangi ya mtu kiliondolewa na nauli ikachukua nafasi yake, lakini waliobaki kwenye mabenchi walikuwa karibu watu walewale.

Tarehe 1 Mei 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa kuwa shirika moja la Afrika Mashariki, na chini ya shirika hilo ndipo ilipokuja rangi ambayo wazee wa reli huikumbuka kwa mapenzi: maruni. Vichwa vya moshi vya Garratt vya daraja la 59, jumla yake 34, kila kimoja kikiwa na uzito wa zaidi ya tani 250, vilipakwa rangi hiyo na kupewa majina ya milima. Viwili kati yake, Mount Gelai na Mount Shengena, vimehifadhiwa katika makumbusho ya reli Nairobi, na milima yote miwili iko Tanzania. Ni vizuri mno kuvitazama. Hata hivyo maruni ile ilitangaza umoja ambao ndani ya treni haukuwepo: nyuma ya kichwa kimoja kinachong'aa kulikuwa na vitanda na meza za chakula kwa wachache, na msongamano kwa wengi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ikachukua njia yake na rangi zake.

TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia iliyokabidhiwa mwaka 1976, ndiyo reli iliyolikaribia zaidi bonde la Rufiji, ingawa hupita mbali sana na delta, ikikata pori la Selous la zamani kupitia Kisaki na Fuga. Ilijengwa kwa msaada wa China ya kijamaa, kwa ajili ya nchi mbili zilizokataa unyonge, na bado ikawa na chumba cha vitanda vinne kwa daraja la kwanza, vitanda sita kwa la pili, na viti kwa la tatu. Siasa ilibadilika upesi kuliko behewa.

Jaribio la kweli la treni isiyo na daraja lilikuja Dar es Salaam tarehe 29 Oktoba 2012. Treni ya Mwakyembe, kama wananchi walivyoibatiza kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, ilikuwa na nauli moja ya mtu mzima ya shilingi 400 kati ya Stesheni na Ubungo Maziwa, na karani na muuza samaki walishika bomba lilelile. Miaka mitatu baadaye ilikuja treni ya Deluxe ya Kigoma, na ubora ukarudi kuwa jambo la kulipia zaidi.

Reli ya kisasa ilianza kubeba abiria hadi Morogoro tarehe 14 Juni 2024, kisha Dodoma mwezi Julai. Nauli ya treni ya kawaida hadi Dodoma ilikuwa shilingi 31,000. Novemba ikaja treni nyingine ya umeme, ambayo watu hawakuipa jina kwa rangi wala kwa daraja, wakaiita Mchongoko kwa ajili ya pua yake, ingawa ndani kuna la kawaida, la biashara na la kifalme.

Treni hizo huendeshwa kwa umeme wa gridi ya taifa, na katika gridi hiyo Bwawa la Julius Nyerere limeongeza uwezo wa megawati 2,115 unaotokana na maji ya Rufiji. Mizigo ya ujenzi wake ilishushwa Fuga, kwenye reli ya TAZARA. Kwa hiyo mto unaopita Utete na Ikwiriri, kisha ukagawanyika katika mikoko ya Kibiti, sasa una mkono katika kuisukuma treni ambayo haitii mguu wilayani humo. Nadhani hilo linampa mtu wa Nyamisati, kule deltani, haki ya kudai kitu katika stesheni ya Magufuli pale Dar es Salaam. Shirika la reli likipaka upya mabehewa, mkanda wa kwanza na ulio mpana zaidi uoneshe treni inakwenda Morogoro au Dodoma, na inasimama kila kituo au inapitiliza. Daraja liandikwe mlangoni kwa herufi ndogo, kwa sababu aliyelipia la kifalme anajua tayari alicholipia.